Kwa Nini Dharau Humuumiza Huyu na Kumwacha Yule

Pale Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, vijana wengi wanaouza simu na chaja wametoka vijijini: Kwimba, Magu, Misungwi, Sengerema. Simama karibu na meza ya mmoja wao wakati simu ya nyumbani inapoita. Anageukia ukutani, anashusha sauti, anasema "mwangaluka, mayu," yaani anamwamkia mama yake, na mazungumzo yanakwenda harakaharaka kwa Kisukuma. Mteja akisogea simu inakatwa, na Kiswahili kinachofuata ni cha mtu aliyezaliwa Kariakoo. Ukimuuliza kwao ni wapi, atakujibu "hapahapa mjini." Meza ya pili yupo kijana wa rika lake, pengine wa tarafa ileile, anayeongea na mama yake kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Wateja wanamwita "ngosha," wanaiga lafudhi yake. Anacheka nao, anawauzia, siku inaendelea.

Wote wawili wamekua wakisikia utani uleule: Msukuma mshamba, Msukuma hajui Kiswahili, Msukuma ana ng'ombe lakini hana ustaarabu. Mmoja ameyabeba maneno hayo mpaka yamembadilisha sauti. Mwenzake yamempitia kando. Ukiuliza sababu mtaani utaambiwa yule wa pili "anajiamini." Hilo ni jina tu la jambo, halielezi jambo lenyewe. Wanasaikolojia wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 80, na walichokipata hakifanani sana na ushauri tunaopeana kila siku kuhusu kujipenda.

Ili kumwelewa anayedharauliwa ni lazima kwanza tumwelewe anayedharau, kwa sababu wote wawili wanatafuta kitu kimoja.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta Ufaransa akiwa mwanafunzi. Akaingia katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, akakaa kambini miaka iliyobaki ya vita kama mfungwa Mfaransa. Walinzi wangejua kwamba ni Myahudi wa Poland, huenda asingetoka hai. Alipoachiwa mwaka 1945 akakuta familia yake imeuawa. Mtu alikuwa yuleyule, sura ileile, akili ileile. Kilichoamua kama ataishi au atakufa ni jina la kundi aliloandikwa. Sishangai kwamba baadaye aliitoa kazi yake yote kwa swali moja: kundi linapata wapi nguvu hiyo juu ya mtu?

Alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Bristol, Uingereza, aliwachukua wavulana 64 wa shule moja, wenye umri wa miaka 14 na 15, waliokuwa wakifahamiana. Waliangaziwa nukta nyingi ukutani kwa muda mfupi, wakakisia idadi yake. Kisha kila mmoja akaambiwa kwa siri kwamba yumo katika kundi la wanaokisia zaidi, au katika kundi la wanaokisia pungufu. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Halafu kila kijana, akiwa peke yake, akapewa kazi ya kugawa visenti kwa wenzake wawili ambao hakuambiwa majina yao; alijua namba zao na makundi yao, basi. Yeye mwenyewe hakupata chochote kutokana na mgao huo. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Katika jaribio lililofuata, ambapo wavulana wengine waligawanywa kwa madai kwamba wanapenda michoro ya msanii huyu au yule, ikaonekana jambo la kusikitisha zaidi: pale ilipobidi kuchagua, walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu ya kile ambacho lingeweza kupata, ilimradi pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1970 na 1971. Hapakuwa na chuki ya kurithi kati ya wavulana wale. Hawakugombania mpaka wa shamba, hawakuibiana ng'ombe, hawakuwa na dini mbili. Walitenganishwa na nukta za ukutani tu. Mwaka 1979 Tajfel na mwenzake John Turner waliandika ufafanuzi wao: sehemu ya thamani anayojiona nayo mtu huitoa katika makundi aliyomo, na kundi haliwezi kujijua kuwa ni bora mpaka lipate la kujilinganisha nalo. Yule mvulana alikuwa anajipandisha hadhi kwa njia pekee iliyokuwa mezani siku ile.

Ukilishika hilo, mambo mengi ya hapa kwetu yanakaa vizuri. Kanda ya Ziwa ina Wasukuma, Wahaya, Wakurya, Wajita, Wakerewe, Wazinza, Wajaluo na wengine, na kila watu wana sentensi moja tayari kuhusu kila jirani. Mtu wa Mwanza mjini anayechekwa Dar es Salaam kwa lafudhi yake, akirudi huku humcheka aliyeshuka jana kwenye basi akitokea Bariadi. Aliyepanga chumba juu ya mawe ya Mabatini anamwona mtu wa visiwani kuwa ndiye mshamba hasa. Aliyechekwa hutafuta wa kumcheka, maana thamani iliyopungua upande mmoja anaitafuta upande mwingine.

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Marilynn Brewer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1999 kwamba kupenda wa kwenu na kuchukia wa wenzenu ni mambo mawili tofauti, na kwamba ubaguzi mwingi wa kila siku unatokana na lile la kwanza. Meneja anayempa ajira mtoto wa kijijini kwao hajisikii kumchukia yeyote. Anajisikia ametenda wema. Ndiyo maana ukimwambia amebagua anashangaa kwa dhati, na anakasirika.

Lakini kupendelea wa kwetu hakutoshi kueleza kwa nini tunawaamini watu fulani kuwa wavivu, wajinga au wachawi. Hapo kuna kosa lingine la akili, na lenyewe ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu hapa Usukumani limetoa roho za watu.

Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris, huko Marekani, waliwapa wanafunzi insha za kumsifu au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Kuba wakati ule, wakawauliza mwandishi wa kila insha ana msimamo gani. Wengine waliambiwa wazi kwamba mwandishi hakuchagua upande. Alipangiwa na mwalimu. Hata hivyo waliendelea kuamini kwa kiasi fulani kwamba aliyemsifu Castro anampenda Castro. Mwaka 1977 Lee Ross aliipa tabia hii jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kosa la msingi la kutafuta sababu: tukiona mtu anafanya jambo, tunadhani chanzo kimo ndani yake, na mazingira yanayomzunguka hatuyaoni.

Sasa ingia jikoni katika nyumba ya kijijini ambako kuni ni haba. Moto unawashwa kwa mabua ya pamba, magunzi ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mafiga matatu yako ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na paa la nyasi limegeuka jeusi linang'aa kwa masizi. Mwanamke anapiga magoti, anainamisha uso mpaka karibu na majivu, anapuliza. Moshi unampiga machoni, anajifuta kwa ncha ya kanga, anapuliza tena. Amefanya hivyo tangu akiwa binti mdogo, asubuhi na jioni. Akifika miaka 60 au 70 macho yake ni mekundu, yanatoa machozi, kope zimevimba.

Watu njiani wanayaona macho, jiko hawalioni. Mtoto wa jirani anapokufa kwa malaria, au ng'ombe wawili wanapoanguka wiki moja, mtu aliyepoteza haulizi tu "nini kimetokea", anauliza "nani amefanya." Mganga anapotaja bibi mwenye macho mekundu, jibu linafanana na ushahidi, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuyaona macho hayo. Kwa miongo mingi mauaji ya vikongwe yameendelea katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake kwa njia hii: dalili ya ugonjwa wa moshi imesomwa kama dalili ya roho mbaya. Na bibi mwenyewe, kabla ya lolote kumfika, anakuwa amekwisha kuanza kujifungia. Anaacha kumbeba mtoto wa jirani, anaacha kwenda msibani asije akasemwa. Kujifungia huko nako kunahesabiwa kuwa ushahidi.

Thomas Pettigrew aliongeza jambo moja mwaka 1979. Kosa hili halitendeki sawa kwa watu wote. Wa kwetu akifanya vibaya tunatafuta mazingira: alikuwa mgonjwa, alichelewa hiace, ana matatizo ya nyumbani. Wa kwao akifanya vibaya, ndivyo walivyo. Wa kwao akifanya vizuri tunasema amebahatika, au huyu si kama wenzake. Kwa hiyo picha tuliyonayo juu ya kundi fulani inaweza kukaa miaka mia bila kuguswa, hata kama kila siku tunakutana na watu wanaoikanusha.

Turudi kwa anayedharauliwa, kwani hapa ndipo fundo lenyewe lilipo.

Katika miaka ya 1940 mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, wanasaikolojia weusi wa Marekani, waliwapa watoto weusi 253 wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi. Karibu theluthi mbili walichagua kucheza na mwanasesere mweupe, na wengi walimwonyesha yule wa kahawia walipoulizwa ni yupi anaonekana mbaya. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1947, na andiko la Kenneth Clark kuhusu madhara ya ubaguzi kwa watoto lilitajwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954 ilipoamua kwamba kutenganisha shule za watoto weusi na weupe ni kinyume cha katiba. Tangu hapo ikawa kama jambo lililokwisha kuamuliwa: anayedharauliwa na jamii hatimaye hujidharau mwenyewe.

Ilisikika kuwa kweli. Tatizo ni kwamba vipimo havikukubali. Morris Rosenberg alitoa mwaka 1965 kipimo chake cha kujithamini chenye maswali 10, ambacho hadi leo kinatumika duniani kote. Watafiti walipokusanya majibu ya miaka mingi, waligundua kwamba kwa wastani Wamarekani weusi hawako chini ya weupe katika kujithamini. Wako juu kidogo. Watu waliobaguliwa kwa karne nyingi, kisheria na kwa fimbo, hawakuwa wamekubali hukumu waliyopewa.

Maana yake tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujua barabara jamii inapenda rangi gani bila kuwa ameamua kwamba yeye hafai. Hata hapa Mwanza, si kila dada anayepaka mkorogo anajichukia. Wapo wanaojua tu soko linavyokwenda, nani anaitwa mrembo na nani anaajiriwa kukaa mapokezi. (Hilo haliondoi madhara ya zebaki na haidrokwinoni kwenye ngozi na figo, vimepigwa marufuku nchini katika vipodozi kwa sababu nzuri.) Kujua bei ambayo wengine wamekupangia ni jambo moja, kuikubali bei hiyo ni jambo jingine.

Mwaka 1989 Jennifer Crocker na Brenda Major walieleza jinsi watu wanavyojikinga. Aliyekataliwa anaweza kuona kwamba tatizo liko kwa aliyemkataa: "huyu hapendi Wasukuma, hata angekuja nani." Anaweza pia kujilinganisha na wenzake waliopita njia ileile, badala ya kujilinganisha na walioanzia mbele. Na anaweza kupunguza uzito wa kile kinachotumika kumpima: lafudhi si kitu, kitu ni mali niliyouza leo. Kijana wa meza ya pili pale Makoroboi anafanya haya yote bila kujua kwamba yana jina. Ana wenzake wa kijijini mjini hapa, wanakutana jumapili, wanachangiana misiba, wanaongea lugha yao. Utani wa mteja unamkuta ana watu.

Miaka minne baadaye Crocker na wenzake walifanya utafiti ambao, kwangu mimi, ndio ufunguo wa mambo yote haya. Waliwachukua wanawake wanafunzi, wanene na wembamba, wakawapa maoni ya kukataliwa kutoka kwa mwanamume ambaye alikuwa amesoma habari zao. Wanawake wanene walijua kwamba wamekataliwa kwa sababu ya unene. Kwa nadharia ile ya mwaka 1989 walipaswa kukingika, maana sababu ilikuwa upendeleo wa mtu mwingine. Hawakukingika. Waliumia kuliko wenzao wembamba. Hawakumlaumu yule mwanamume, kwa kuwa nao waliamini kwamba mnene ana haki ya kukataliwa. Unene ni kosa lake mwenyewe, angejizuia.

Hapo ndipo vijana wale wawili wanapoachana. Dharau humuumiza mtu pale anapokubaliana na kipimo kinachotumika. Anaweza kuwa hodari, mwenye fedha, mwenye elimu, lakini kama moyoni ameridhia kwamba Kisukuma ni ushamba, basi neno moja la mteja litampata. Na mara nyingi kipimo hicho hatukukichagua. Wengi wetu tulipita shule ambazo kilugha kilichosikika darasani kilileta kiboko. Mtoto wa miaka minane hawezi kujua kwamba mwalimu anatekeleza sera ya lugha. Anachokijua ni kwamba maneno ya mama yake yanachapwa.

Katika kundi lisilo na kinga nadhani hakuna mfano mzito kuliko mtoto mwenye ualbino. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wana ngozi ya kawaida na hawajui kwamba wamebeba chembe hiyo. Katika kila uzazi wao kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo mtoto huyo anaweza kuwa peke yake katika ukoo mzima. Hana wa kujilinganisha naye nyumbani, hana shangazi wa kumwambia "hata mimi walinifanyia hivyo." Macho yake yana uoni hafifu kwa sababu ile rangi inayokosekana kwenye ngozi inahitajika pia ndani ya jicho. Anapangiwa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu, ubao hauoni, anaacha kuandika, anapata alama ndogo. Mwalimu anasema mtoto hana akili. Wenzake wanasema hivyohivyo. Na yeye, ambaye ameona ubao wa mbali ukiwa ukungu tangu siku ya kwanza na hajui kwamba wengine wanauona vizuri, hana sababu ya kuwapinga. Hapa kosa la kutafuta sababu limehama: anayelitenda ni mtoto mwenyewe, juu ya nafsi yake.

Mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino vilivyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 vimeandikwa sana, na ni sawa viandikwe. Lakini lile dawati la nyuma limeua ndoto za watoto wengi zaidi bila kufika gazetini. Katika kisiwa cha Ukerewe, ambako watu wenye ualbino ni wengi na wamejiunga pamoja katika chama, mtoto anaweza kukua akiwa na watu wazima wa kuwatazama. Ile kinga ya kujilinganisha na wenzako, ambayo Mmarekani mweusi aliipata kanisani na mtaani kwake, kwa mtoto huyu inabidi itengenezwe kwa makusudi.

Kuna upande mwingine wa kipimo, usiohusu kabila wala ngozi. Crocker na Connie Wolfe waliandika mwaka 2001 kwamba watu hatutofautiani tu kwa wingi wa kujithamini. Tunatofautiana kwa kile tulichokiwekea thamani yetu rehani. Mmoja ameiweka kwenye sura, mwingine kwenye masomo, kwenye dini, kwenye upendo wa familia, kwenye kuwashinda wenzake. Unapoguswa hapo, unaanguka. Unapoguswa kwingine, unatingishika kidogo tu.

Mwaloni, wanakoshushia samaki, utaliona hilo waziwazi. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya giza. Mtumbwi unatoka jioni, taa zinawekwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinashushwa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, watu wanapumzika mpaka giza lirudi. Giza likiwa zuri, mvuvi anarudi na fedha, anaitwa kaka, anaitwa mkubwa, anampigia mke simu mara tatu kwa siku. Giza likiwa baya, amebaki na deni kwa tajiri wa mtumbwi, na simu inazimwa. Ukimuuliza kwa nini hapigi nyumbani anasema hana vocha. Kisa chenyewe ni kwamba ameiweka thamani yake yote kwenye kuleta, na siku asipoleta haoni kama bado ni baba. Mkewe angependa apige hata mikono mitupu, lakini kwa hesabu za huyu bwana, mtu wa mikono mitupu hana cha kusema. Wavuvi wanasemwa sana mjini kwamba ni walevi na hawajali familia. Wapo wa hivyo. Wapo pia wengi wanaokimbia aibu, na aibu hutokana na kujali.

Basi ushauri wa kusimama mbele ya kioo na kujiambia "mimi ni wa thamani, ninapendwa" unasaidia? Joanne Wood na wenzake wa Kanada walilipima hilo, wakachapisha mwaka 2009. Watu waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa hawajithamini, yaani hasa wale wanaoambiwa wafanye hivyo, walijisikia vibaya zaidi. Ukijiambia jambo usiloliamini, akili inaleta kila ushahidi wa kulipinga. Roy Baumeister na wenzake nao walipitia tafiti nyingi mwaka 2003 wakaona kwamba kumpandisha mtoto kujithamini hakumfanyi afaulu. Mara nyingi kufaulu ndiko kunakompandisha. Yule mvuvi hahitaji kusifiwa. Akikumbushwa kwamba mwanawe anamngoja, na kwamba wanakijiji walimchagua kushika fedha za msiba, amepata mahali pengine pa kusimama giza linapokuwa baya.

Kwa upande wa wanaodharau, dawa iliyopimwa kuliko zote ni ya zamani. Gordon Allport alisema mwaka 1954 kwamba watu wa makundi mawili wakikutana wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana, na wenye mamlaka wakiunga mkono, upendeleo hupungua. Mwaka 2006 Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 juu ya jambo hilo, na kwa sehemu kubwa sana zilikubali. Pale mwalo wa Kirumba, Mjita, Msukuma, Mkerewe na mnunuzi aliyetoka Kongo wanapimiana dagaa, wanakopeshana, kila mmoja akimhitaji mwenzake kesho. Ila masharti ya Allport si ya kupuuzwa. Dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini hukutana na mwajiri wake kila siku ya mwaka, ndani ya nyumba moja, na dharau haipungui hata chembe, kwa sababu mmoja anakaa mezani na mwingine anakula jikoni.

Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha ulinganisho ambao Watanzania wachache wanaujua, na unatuhusu. Alizichunguza wilaya mbili za ukanda huu wa ziwa: Busia, Kenya, na Meatu, ambayo leo iko mkoa wa Simiyu. Busia, palipokuwa na makabila mengi pamoja, wazazi walichangia shule kidogo kuliko palipokuwa na kabila moja. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Maelezo yake yalikuwa historia ya sera: Kiswahili shuleni, mafunzo ya utaifa, machifu kuondolewa madarakani mwaka 1963. Ukabila ulipunguzwa kwa kazi ya miaka mingi iliyofanywa na serikali, walimu na wazazi, na watu wazima wengi wa leo ni matunda yake.

Kazi hiyo haikumgusa bibi wa macho mekundu, haikumgusa mtoto wa dawati la nyuma, na lugha ya mama wa kijana wa Makoroboi iliigusa kwa kuinyamazisha. Tulijivunia kwamba hatuna ukabila, tukaacha kuangalia vipimo vingine tunavyotumia. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu wakielezwa makosa ya akili kama haya huyakubali yote, kisha husema wao wenyewe yanawahusu kidogo kuliko watu wengine. Nyani haoni kundule, na kumsomesha nyani saikolojia hakumpi shingo ya kugeuka.

Ndiyo sababu ninaziamini zaidi taratibu kuliko nia njema. Baraza la Mitihani limekuwa likisahihisha karatasi zenye namba bila jina kwa miaka mingi, na msahihishaji hajui kama mbele yake yuko Mhaya au Msukuma, mtoto wa mtaa wa matajiri wa Capri Point au wa kisiwa cha Ukara. Maduka, hoteli na ofisi za Mwanza zingeweza kuanza vivyo hivyo: barua za maombi zisomwe majina yakiwa yamefunikwa, maswali ya usaili yaandikwe mapema na yawe yaleyale kwa kila mtu, na alama zitolewe kabla ya wasaili kuanza kuambiana "huyu ameongeaje." Shuleni, kila mtoto apimwe macho wiki ya kwanza ya darasa la kwanza, na wenye uoni hafifu wapangwe mbele bila kujali urefu wao. Chati ya kupimia macho na mita sita za sakafu vinatosha kuanzia.